Mwongozo Kamili wa Maadili kwa Mkufunzi wa Warsha za Saikolojia Mbadala: Kuanzia Tangazo hadi Wiki ya Pili Baada ya Warsha

Wakufunzi wanaoendesha warsha za pumzi, kutafakari, mpangilio wa familia (ambapo washiriki huigiza ndugu za mtu, hai na marehemu) na mbinu nyingine za saikolojia mbadala hapa Arusha na Moshi huniletea kanuni zao za maadili nizisome kabla hawajakodi ukumbi, na karibu zote huanguka mahali pamoja. Karatasi imeandikwa vizuri, ina muhuri, inaahidi kuheshimu utu wa kila mshiriki. Lakini haisemi ni nani atakayetoka nje na mshiriki anayetetemeka, fedha zake zitarudishwaje akiamua kutorudi kesho, wala fomu yenye habari za ugonjwa wake itakaa katika mkoba wa nani.

Kwa hiyo mwongozo huu haufundishi nia njema. Unapanga kazi kwa hatua, na kila hatua inapimwa kwa swali moja: je, mshiriki anaweza kusema hapana na kuondoka bila kupoteza fedha, heshima wala siri yake?

## Vitu vya kuandaa kwanza

Usianze hatua ya kwanza kabla hujavikusanya hivi:

- Karatasi moja inayoeleza mafunzo uliyopata, kwa nani, na kwa saa ngapi.
- Fomu ya mchujo wa afya na fomu ya idhini, zote kwa Kiswahili, nakala mbili kwa kila mtu.
- Masharti ya malipo na marejesho yaliyoandikwa.
- Orodha ya rufaa, yaani ya utakaowapelekea washiriki wanaohitaji usichokifanya, yenye namba ambazo wewe mwenyewe umezipiga na zikapokelewa.
- Msaidizi asiyefundisha. Washiriki wakizidi 12, tafuta wawili, mwanamke na mwanamume.
- Chumba cha pembeni chenye viti viwili, maji ya kunywa, shuka na mlango unaofungika bila komeo.
- Daftari la matukio na sanduku lenye kufuli.
- Mtu wa nje ya warsha yako, asiyekutegemea kwa fedha, atakayepokea malalamiko.

Kitu cha mwisho ndicho kinachokosekana mara nyingi. Mke wako, mume wako au mshirika wako wa biashara hafai kwa kazi hiyo.

## Hatua ya 1: Andika mipaka yako kabla ya kuandika tangazo

Chukua karatasi uandike sentensi tatu: ninachokijua, nisichokifanya, na nitakayempeleka kwake mtu anayehitaji nisichokifanya. Cheti cha mafunzo ya siku tatu kinakuruhusu kusema kwamba ulihudhuria mafunzo ya siku tatu. Hakikufanyi mwanasaikolojia, tabibu wala mshauri nasaha, na kuyatumia majina hayo kwenye bango ni kumdanganya mtu kabla hajavuka mlango.

Neno la kuliogopa zaidi ni "tiba". Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, ambayo chini yake lipo Baraza linalosajili watoa huduma, na ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Ukitangaza kwamba unatibu au unaponya, umeingia katika uwanja wenye wasimamizi wake. Kama kweli unakusudia kutibu, wasiliana na Baraza hilo kabla ya kuchapa chochote. Kama hukusudii, liondoe neno hilo.

Linganisha matangazo haya mawili. La kwanza: "Ondoa kiwewe cha utotoni ndani ya siku 2, matokeo ya uhakika." La pili: "Warsha ya siku 2 ya kujifunza mazoezi ya pumzi na ya kutuliza mwili. Si tiba, na haichukui nafasi ya daktari. Wapo wanaoondoka wametulia, wapo wasioona tofauti, na wachache hubaki na fadhaa kwa siku kadhaa." Wakufunzi hulalamika kwamba tangazo la pili haliuzi. Linauza polepole zaidi, nakubali.

Tahadhari. Usitumie shuhuda zilizokusanywa saa ya mwisho ya warsha. Miji yetu imezoea ushuhuda wa mikutano ya injili, ambapo aliyeguswa husimama na kusema mbele ya watu, na neno hilo lina nguvu kubwa masikioni mwetu. Mtu aliyelia na kukumbatiwa dakika 20 zilizopita hawezi kukueleza warsha imemfanyia nini. Aulizwe baada ya mwezi mmoja, naye awe huru kutojibu.

Utajua umefaulu pale jirani asiyejua lolote kuhusu kazi yako atakaposoma tangazo, kisha akakueleza kwa maneno yake kitakachofanyika na kisichofanyika.

## Hatua ya 2: Panga fedha zisimfunge mtu

Andika kiasi cha kurejesha kwa kila hatua ya kujitoa: kabla ya warsha, baada ya siku ya kwanza, na katikati ya siku ya pili. Marejesho yapitie njia ileile ya simu aliyolipia, bila kuulizwa sababu. Usiuze "ngazi ya pili" ndani ya ukumbi, na hasa usiiuze baada ya zoezi lililowaliza watu.

Sababu yake si ya kinadharia. Oktoba 2009, karibu na Sedona, Arizona, nchini Marekani, washiriki wa mafungo yaliyoongozwa na mhamasishaji James Arthur Ray, ambao walikuwa wamelipa zaidi ya dola 9,000 kila mmoja, waliingizwa katika hema lililotiwa joto kali, na watatu wakafariki. Mwaka 2011 mahakama ilimtia hatiani kwa kusababisha vifo hivyo kwa uzembe. Hema halikuwa limefungwa kwa kufuli. Kilichokuwa kimewafunga watu ni ada, siku nyingi za kuhimizwa kustahimili, na aibu ya kuwa wa kwanza kutoka.

Kwetu kuna jambo jingine ambalo miongozo ya nje hailigusi: posho. Shirika linapodhamini warsha, washiriki hutarajia posho na nauli, na mara nyingi hulipwa jioni ya siku ya mwisho kwa aliyesaini mahudhurio yote. Mpango huo unamaanisha kwamba anayeondoka saa nne asubuhi kwa sababu zoezi limemtonesha anarudi nyumbani mikono mitupu. Lipa posho ya kila siku asubuhi, kabla ya zoezi la kwanza, na nauli ya kurudi itoe pamoja nayo. Mhasibu atanung'unika, mweleze kwamba idhini iliyoshikiliwa na nauli si idhini.

Jambo la tatu ni mwajiri. Kampuni za utalii hupenda kuwapeleka waongoza watalii, wapishi na madereva kwenye warsha za namna hii kabla msimu haujaanza, na mwenye kampuni hukaa nao ukumbini kwa nia ya kuonyesha umoja. Mwombe asikae. Saini naye makubaliano kwamba hutampa taarifa ya mtu mmoja mmoja, hata akiuliza kwa upole "kuna yeyote ninayepaswa kumwangalia?", na kwamba asiyetaka kushiriki atapewa kazi nyingine ya siku hiyo kwa mshahara uleule. Mwajiri akikataa kusaini, kataa kazi.

## Hatua ya 3: Fanya mchujo kwa faragha

Mpigie kila aliyejiandikisha, au kutana naye peke yake, angalau siku tatu kabla. Uliza kwa maneno ya nyumbani, kwa sababu neno la hospitali humfanya mtu aseme "hapana" kwa haraka. "Una kifafa?" ni swali lenye aibu kubwa, "umewahi kuanguka ukapoteza fahamu?" hujibiwa. Uliza pia kuhusu moyo, presha, presha ya macho, ujauzito, upasuaji wa karibuni, kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kulazwa kwa ajili ya akili, msiba wa karibuni, mawazo ya kujidhuru, na dawa anazotumia.

Maswali hayo yana sababu za mwili. Mtu anapopumua kwa kasi na kwa kina kwa muda mrefu, hutoa hewa ya kaboni dioksaidi kupita kiasi, na damu hupoteza uwiano wake wa asidi. Vidole huanza kuwasha na kufa ganzi, mikono hujikunja, kichwa huwa chepesi. Wakufunzi wengine huwaambia washiriki kwamba hizo ni "nguvu zinazofunguka", wakati ni kemia ya damu, na kwa mwenye kifafa hali hiyohiyo inaweza kuamsha degedege. Mwenye historia ya kifafa, ugonjwa wa moyo au ujauzito asifanye pumzi za kasi kabisa. Anaweza kukaribishwa kwenye sehemu nyingine za warsha, na aambiwe hivyo faraghani, asitolewe mbele ya wenzake.

Tahadhari isiyo na mjadala. Usimshauri mtu yeyote aache au apunguze dawa, iwe ya kifafa, ya akili au ya presha, hata kama anasema amejisikia mzima. Kuacha ghafla dawa za kifafa kama fenobabitali kunaweza kuleta degedege lisilokatika. Jibu lako ni moja tu: "Hilo liongee na aliyekuandikia."

Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na warsha za kuchochea hisia si mahali pake, hata mzazi akiomba.

Majibu yaandike kwenye karatasi na kuifungia sandukuni. Habari za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kuzipiga picha na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp la waandaaji "ili wote wajue" ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote.

Kipimo chako. Ikiwa umeendesha warsha tano na fomu haijawahi kumzuia mtu hata mmoja kufanya zoezi lolote, fomu hiyo haichuji.

## Hatua ya 4: Jenga uwezo wa kusema hapana

Hapa ndipo nilipoanguka mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika warsha niliyoiongoza Moshi, washiriki wote walisaini idhini iliyotaja mguso. Katikati ya zoezi niliweka mkono mgongoni mwa mama mmoja aliyekuwa akilia. Hakusogea, nami nikaona amefarijika. Wiki tatu baadaye, kupitia kwa mtu mwingine, alinifikishia ujumbe: hakuupenda mkono ule, ila "ningemwambiaje mwalimu hapana mbele za watu?"

Saini ilikuwepo, na haikuwa na maana yoyote. Mtu aliyelelewa kumwamkia mkubwa na kumsikiliza mwalimu hatajifunza kukukatalia kwa kusoma aya ya nne ya fomu. Mfundishe kwa vitendo, hivi:

1. Asubuhi ya siku ya kwanza, pita kwa kila mshiriki na umwombe jambo dogo, naye akatae kwa sauti. "Naomba kiti chako." "Hapana, mwalimu, nimekaa." Watu watacheka, waache wacheke, lakini usimruke mtu.
2. Mpe kila mmoja kipande cha karatasi chenye rangi nyekundu upande mmoja na nyeupe upande wa pili. Kikiwekwa chini na wekundu juu, maana yake ni "nisiguswe wala nisiulizwe". Hatakiwi kueleza kwa nini, na anaweza kukigeuza wakati wowote.
3. Kabla ya kila zoezi, eleza litachukua dakika ngapi, linaweza kuleta hisia gani, lina asili gani, na anayekaa pembeni atafanya nini. Ukumbi wenye Waislamu, Walutheri na Wakatoliki una haki ya kujua kabla kwamba maneno fulani yanatoka katika ibada ya dini nyingine.
4. Omba idhini upya. Idhini ya asubuhi haitumiki mchana.

Epuka swali la "tuko pamoja?", kwa maana jibu lake ni moja tu katika nchi hii.

Umefaulu ikiwa kabla ya chakula cha mchana angalau mtu mmoja amekaa pembeni ya zoezi halisi, hakuna aliyemgeukia, na amerudi kwenye lililofuata kwa hiari yake.

## Hatua ya 5: Ongoza bila kusukuma

Mwaka 1973 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Stanford juu ya makundi ya kukabiliana kihisia, ambamo washiriki huambiana hisia zao waziwazi chini ya kiongozi. Takribani asilimia 8 ya washiriki walidhurika, na viongozi wakali, waliochochea hisia na kumshambulia mtu ili "afunguke", ndio waliohusishwa zaidi na madhara hayo. Machozi mengi ukumbini si ushahidi wa kazi nzuri.

Usimlazimishe mtu kusimulia ajali, ubakaji au msiba. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kikao kimoja cha kumsimulisha mtu tukio lililomtisha hivi karibuni. Huduma ya kwanza ya kisaikolojia linayoifundisha ina mambo matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Mkufunzi wa warsha anatosha kabisa akiyafanya hayo vizuri.

Usipandikize kumbukumbu. Katika jaribio la mwanasaikolojia wa Marekani Elizabeth Loftus lililochapishwa mwaka 1995, takribani robo ya washiriki waliishia kukumbuka, kwa ukamilifu au kwa sehemu, kwamba walipotea dukani utotoni, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Sentensi kama "mwili wako unaniambia kuna mtu alikuumiza ukiwa mdogo" haina nafasi ukumbini.

Katika mpangilio wa familia hatari hiyo huwa kubwa kuliko mahali pengine, kwa sababu mchezo wa kuigiza ndugu hai na marehemu hukutana na imani zetu kuhusu laana za ukoo. Mkufunzi anayetamka kwamba "shangazi ndiye anayeshikilia baraka zako" anadhani ametoa fumbo la kisaikolojia. Mshiriki anapanda gari kwenda kijijini kwao, Marangu au Machame, akiwa na jina la mtu. Katika nchi ambayo tuhuma za uchawi zimegharimu maisha ya wazee, hasa wanawake wa mikoa ya Kanda ya Ziwa, neno hilo si la kuchezea. Usitaje mhusika. Ikiwa mshiriki mwenyewe anamtaja, rudisha mazungumzo kwenye anachokihisi na anachoweza kukifanya yeye.

### Mtu akizidiwa

Simamisha zoezi kwa wote; msaidizi aongoze wengine kufungua macho na kukaa. Aliyezidiwa ahamishiwe chumba cha pembeni ikiwa anakubali, afunikwe, aambiwe alipo na saa ngapi, apumue taratibu kwa pua. Usimpe mfuko wa karatasi apumulie. Mlango ubaki wazi kidogo, na msaidizi wa jinsia anayoitaka akae naye. Usimwombee wala kumkemea bila yeye kuomba.

Akipata degedege, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, tazama saa. Usimshike kwa nguvu na usimtie kijiko mdomoni. Kinachovunjika huwa ni jino. Degedege likipita dakika tano, au likirudia, apelekwe hospitali mara moja: kwa Arusha, Mount Meru, kwa Moshi, Mawenzi au KCMC. Gari liwe limepangwa tangu asubuhi, na dereva asiwe mshiriki.

Mtu akisema anataka kujiua, usimwache peke yake na usimwahidi kunyamaza. Asindikizwe hospitali na mtu anayemwamini.

## Hatua ya 6: Tunza siri katika mji ambao watu wanajuana

Moshi ni mji ambao aliyekaa kulia kwako ukumbini anaweza kuwa mdeni wako wa VICOBA. Waambie washiriki ukweli: wewe unaweza kuahidi usiri wako, huwezi kuahidi wa wenzao. Washauri wabadilishe majina na mahali wanaposimulia. Simu zikusanywe kapuni wakati wa mazoezi. Picha zipigwe wakati wa chai pekee, kwa waliokubali.

Taja mipaka kabla mtu hajafungua mdomo. Mtoto akiwa hatarini, utatoa taarifa: kwa simu namba 116, au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Na usianzishe mapenzi, mkopo wala biashara na mshiriki wakati wa warsha na muda mrefu baada yake. Hili halihitaji maelezo.

## Hatua ya 7: Fuatilia siku ya tatu na ya kumi na nne

Utafiti ule wa Stanford ulitoa somo jingine: viongozi walikuwa wabovu katika kuwatambua waliodhurika, wakati washiriki wenzao waliwajua vizuri. Kwa hiyo usijiridhishe na kumbukumbu zako. Msaidizi, si wewe, ampigie kila mshiriki siku ya tatu na siku ya 14, na aulize maswali manne: umelala vipi, kazi inaendaje, kuna lililokukera, na je, kuna mwenzako unayemwonea wasiwasi?

Asiyepokea simu mara mbili atumiwe ujumbe mfupi usiotaja warsha, kwa sababu huenda simu yake inashikwa na mtu mwingine: "Habari za siku, naomba ukipata nafasi unipigie." Aliyejitoa katikati naye apigiwe, bila kushawishiwa kurudi, akiwa amepewa namba ya mpokea malalamiko.

Soma majibu pamoja na mtu wako wa nje, kisha andika kwenye daftari la matukio utakachobadilisha. Daftari lisiwe na majina.

Fomu za afya zihifadhiwe kwa muda uliowaambia washiriki, halafu uziteketeze mwenyewe kwa moto. Usizitupe jalalani zikiwa nzima, wala usimpe mtu kama karatasi chakavu: katika miji yetu karatasi iliyoandikwa upande mmoja huishia kufungia karanga, na mnunuzi wa karanga anajua kusoma.